Meza ya Asubuhi ya Pasaka

Wapendwa wakatekumeni,

Safari yenu inakaribia mwisho. Kwarezima imekwisha kupita nusu, majina yenu yameandikwa, na usiku wa Pasaka mtasimama penye maji. Juu ya usiku ule mmefundishwa mengi, na mtafundishwa tena. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloufuata, nalo ni asubuhi yake. Mtakaporudi nyumbani mmevaa nguo nyeupe, na njaa inawauma, mtakula nini? Mtakula wapi? Tena, mtakula pamoja na nani?

Pengine mmoja wenu atasema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya jikoni, si mambo ya dini." Sivyo, ndugu yangu. Kumbuka ni mara ngapi Mwokozi wetu alikaa kula: katika arusi ya Kana, nyumbani kwa Zakayo, kwa Marta na Maria, na katika kile kijiji cha Emau ambako walimtambua kwa namna alivyoumega mkate. Adui zake hawakumchukia kwa sababu ya mafundisho yake tu. Walimchukia hata kwa sababu ya watu aliokubali kula nao. Basi, meza ni jambo la dini.

Tena nimeulizwa. Juma lililopita katekumeni mmoja aliniletea picha iliyokatwa katika kalenda ya zamani. Ilionyesha meza ya watu wa Ulaya siku ya Pasaka: kitambaa cheupe, mayai ya rangi nyingi, mkate mrefu wenye sukari, mwanakondoo mdogo mwenye bendera, na sahani iliyoota majani mabichi. Akaniuliza: "Mwalimu, je, sisi nasi yatupasa kutengeneza hivi? Nami nitapata wapi fedha?" Halafu akacheka kidogo, akasema: "Na hao watu wazima, mbona wanachezea mayai kama watoto?"

Nilimwambia angoje nimjibu pamoja na wenzake. Haya, sikilizeni.

Nitachukua nchi moja tu, Polandi, kwa maana huko desturi hii imeshikwa kwa nguvu hata leo. Kwanza yafaa mfahamu majira ya nchi ile. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na miti haiachi majani yake kwa ajili ya baridi. Kule Polandi, mwezi wa kumi na moja miti huwa imekwisha kupukutisha majani, ikasimama kama vijiti vilivyokufa. Maji ya mabwawa huganda. Katika mwezi wa kumi na mbili mchana ni wa yapata saa nane tu. Hata kuku, wakikosa mwanga, hupunguza kutaga, na wengine huacha kabisa. Halafu, karibu na mwezi wa tatu, siku hurefuka. Theluji huyeyuka, majani mapya hutokea, kondoo huzaa, kuku hutaga tena. Haya ndiyo majira ya kuchipua, na Pasaka huangukia humo.

Mwaka 325 maaskofu walikutana katika mji wa Nisea, wakakata shauri kwamba Wakristu wote waiadhimishe Pasaka siku moja. Hesabu yake ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira yale ya kuchipua. Ndiyo sababu Pasaka haina tarehe moja kila mwaka. Lakini katika Kanisa letu haitangulii 22 Machi, wala haipiti 25 Aprili.

Msije mkadhani kwamba Wakristu husherehekea majani. Majani ni mashahidi tu. Kule Kivu siku hizo ni za mvua, na kila kitu ni kibichi. Kule Katanga mvua inakaribia kwisha, na muda si mrefu majani yatakauka. Lakini Pasaka ya Katanga si ndogo kuliko ya Kivu! Kaburi lilikuwa tupu, mvua inyeshe au isinyeshe.

Sasa mayai. Zamani, katika siku za Kwarezima, Kanisa liliwakataza Wakristu si nyama tu, bali mayai na maziwa pia. Lakini kuku hajui Kwarezima. Yeye hutaga tu. Basi siku arobaini mayai yalirundikana nyumbani, watu wakayatazama bila kuyagusa. Pasaka ilipofika, kitu cha kwanza walichokitamani ni yai. Na kwa kuwa walilingoja muda mrefu hivi, walilipamba. Tena walifahamu ndani yake fundisho, wakawafundisha watoto wao: ganda la yai ni gumu, limefungwa pande zote, lafanana na jiwe la kaburi, hata hivyo kifaranga hulivunja kwa ndani na kutoka. Je, hao ni watu wazima wanaochezea mayai? Hao walijua njaa.

Kanisa halikulidharau jambo hili. Katika kitabu cha ibada kilichotolewa Roma mwaka 1614, wakati wa Papa Paulo wa Tano, mna baraka za vyakula vya Pasaka: ya mwanakondoo, ya mayai, ya mkate. Kule Polandi, Jumamosi Kuu, watu huja kanisani na vikapu. Kikapu chenyewe si kikubwa. Hutandikwa kitambaa cheupe, na kupambwa kwa vitawi vya kijiti ambacho majani yake hayapukutiki hata wakati wa baridi. Ndani huwekwa vitu kidogo kidogo: yai, kipande cha mkate, chumvi, nyama kidogo ya nguruwe, mzizi mmoja mkali uwashao hata kutoa machozi, na mwanakondoo mdogo aliyetengenezwa kwa siagi au sukari, mwenye bendera nyekundu. Yule mwanakondoo ni Yezu Kristu mshindi. Ule mzizi mkali ni uchungu wa mateso yake, nao huliwa pamoja na nyama, ili katika furaha yenyewe mtu akumbuke bei iliyolipwa. Padri hunyunyiza maji ya baraka juu ya vikapu vyote. Havitambui vikapu vya matajiri wala vya maskini, kwa kuwa vyote vina vitu vilevile.

Tena wana desturi nyingine nzuri. Yapata siku kumi kabla ya Pasaka hupanda mbegu katika sahani yenye udongo au pamba iliyoloweshwa maji. Pasaka ikifika, sahani ni kijani kitupu, na katikati ya kijani kile humweka mwanakondoo wao. Hizo ndizo bustani za picha uliyoniletea, ndugu yangu. Hazikununuliwa dukani. Zinataka mbegu kiganja kimoja, na mtu wa kukumbuka maji.

Lakini sikilizeni hasa yafuatayo, kwa maana hapa ndipo neno langu lilipo. Asubuhi ya Pasaka, alfajiri, kuna Misa; kengele hulia, na watu huzunguka kanisa mara tatu kwa maandamano. Wakirudi nyumbani, meza ipo tayari, imetengenezwa tangu jana. Hakuna anayekula kwanza. Mkubwa wa nyumba hulitwaa lile yai lililobarikiwa, hulikata vipande kwa hesabu ya watu, na kumpa kila mmoja. Watu kumi, yai moja: kipande ni kama ukucha! Haliwezi kushibisha. Lakini kila mmoja na kipande chake humwendea mwenzake, na kutakiana mema, mmoja kwa mmoja, macho kwa macho.

Sasa fikirini. Kama katika nyumba ile wamo ndugu wawili ambao hawasemezani tangu wagawane shamba, watafanyaje? Kitambaa ni cheupe, maua ni mazuri, nyama inanukia. Lakini kale kapande ka yai kanaungua mkononi. Mapambo yote ya meza ile yalikuwa kwa ajili ya dakika ile moja. Ikishindikana, meza imekuwa picha ya kalenda tu.

Neno moja juu ya saa ya chakula hicho, kwa maana vijana huuliza. Wazee wetu katika imani, mtu akitaka kupokea komunyo, hakula wala kunywa kitu tangu usiku wa manane, hata maji. Mwaka 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu maji matupu. Mwaka 1957 akafanya saa tatu za kufunga badala ya usiku mzima. Na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akafanya saa moja. Basi zamani zile mtu alitoka Misa ya siku kuu, akatembea kilomita kumi, akafika nyumbani yapata saa nne hajaonja kitu. Chakula alichokuta hakikuwa cha asubuhi, wala hakijawa cha mchana. Kilikuwa vyote viwili pamoja. Basi meza ya Pasaka zamani zile ilikuwa ya saa hizo, tena ilikuwa ya watu wenye njaa. Nanyi mtakaobatizwa usiku, mkachelewa kulala, mtaikuta njaa hiyo bila kufundishwa.

Sasa turudi kwenye mwanzo wa yote. Meza ya kwanza ya Pasaka haikuwekwa Polandi. Iliwekwa Misri, usiku ule Waisraeli walipotoka utumwani. Mnakumbuka masharti yake: mwanakondoo wa kiume wa mwaka mmoja, asiye na kilema, mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, nao wale wamefunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi. Lakini kuna sharti moja ambalo watu hulisoma upesi na kulipita. Mungu alimwagiza Musa kwamba, kama watu wa nyumba ni wachache mno kummaliza mwanakondoo, wamwite jirani wa karibu, wahesabu watu, wale pamoja. Ajabu! Farao yuko mlangoni, usiku ni wa hatari, na Mungu anawaagiza wahesabu majirani. Hakuagiza habari ya kitambaa. Aliagiza hesabu ya watu.

Na meza ya Mwokozi mwenyewe, baada ya kufufuka? Ninyi mnaokaa karibu na ziwa mtaielewa kuliko mimi. Wanafunzi saba walivua usiku kucha, wala hawakupata kitu. Mnajua uso wa mvuvi anaporudi na chombo kitupu. Kulipokucha mtu alisimama ufukoni, akawaambia watupe wavu upande wa kuume, nao wakapata samaki wakubwa mia moja hamsini na watatu. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Bwana wa mbingu na nchi amekwisha kuishinda mauti, na kazi aliyoifanya asubuhi ile ni kuwasha moto na kuchoma samaki! Yeye mwenyewe aliwaita waje wafungue kinywa.

Tazameni mambo mawili. La kwanza: samaki walikuwako tayari juu ya moto, hata hivyo aliwaambia walete na wale waliowavua. Hakuwa na haja nao. Alitaka meza iwe yao wote, isiwe ya mwenyeji peke yake. La pili ni zito zaidi. Mwinjili Yohane anataja moto wa makaa mara mbili tu katika kitabu chake chote. Mara ya kwanza ni uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, pale Petro alipoota moto na kumkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni hapa. Basi Petro alipokaribia meza ile, harufu ya makaa ilimwambia kosa lake. Je, Yezu alimkaripia kwanza? Hapana. Alimpa mkate, akampa samaki. Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza mara tatu kama anampenda. Kwanza chakula, halafu maneno. Sisi hufanya kinyume: twataka maneno yaishe kabisa, mmoja ashindwe, ndipo tumpe sahani. Na maneno hayaishi.

Nisiwafiche, wapendwa. Nawafundisha jambo ambalo mimi mwenyewe niliharibu.

Zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, nimeoa karibuni, padri aliniahidi kwamba asubuhi ya Pasaka atapita nyumbani kutusalimu. Nilijitia wazimu. Niliazima sahani kwa watu wanne, niliazima kitambaa, nilinunua kwa deni makopo mawili ya samaki na sukari. Meza ilikuwa nzuri sana. Basi akaja baba yangu mkubwa, aliyenilea tangu baba yangu kufa. Alikuwa hajabatizwa. Mguu wake ulikuwa na kidonda cha siku nyingi, chenye harufu. Tena kiko chake hakikumtoka mdomoni. Nilitazama kitambaa, nikamtazama yeye. Nikawaambia watoto wampelekee chakula chake nyuma ya nyumba.

Alikula. Alipokwisha alinawa, akasema, "Asante, mwanangu," akachukua fimbo yake, akaenda. Na padri? Hakufika. Aliitwa kwa mgonjwa katika kijiji cha mbali. Kitambaa changu kilikaa cheupe mpaka jioni, na deni la sukari nililipa kwa miezi mitatu.

Pasaka mbili zilizofuata baba mkubwa hakuja. Mimi nilijisemea ni mguu. Kwarezima ya mwaka wa tatu niliungama jambo lile, na muungamishi akaniambia kwamba sala za malipizi nitasali jioni, lakini miguu yangu itangulie. Nilikwenda Jumamosi Kuu. Nilimkuta akisuka kikapu. Aliniacha nimesimama muda mrefu. Kisha akasema: "Mguu wangu hauwezi tena kupanda mlima wako. Ukitaka tule pamoja, lete meza huku."

Nilishindwa kuibeba meza. Asubuhi ya Pasaka tuliung'oa mlango wa nyumba yake, tukaulaza juu ya vinu viwili, tukautandika majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni. Tulikuwa na ugali, samaki wadogo, sombe, na mayai manne ambayo mke wangu aliyachemsha na maganda ya vitunguu, yakawa mekundu kama udongo wa barabara. Nilimpa baba mkubwa yai moja alikate, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu. Alilikata kwa kisu chake cha tumbaku. Akaniuliza: "Kwa nini yai?" Nikamweleza habari ya kaburi na ganda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema: "Hata yai bovu lina ganda, mwanangu." Sikuwa na jibu. Alinipa kipande changu, tukala.

Alibatizwa miaka mingi baadaye, karibu na kufa kwake, wala sisemi kwamba ni kwa sababu ya yai lile.

Sasa niseme juu ya meza zenu. Msikope. Siku ya Pasaka haitaki kitu ambacho mwenye duka atakuja kukidai baada ya Utatu Mtakatifu. Mwenye kitambaa cheupe na akifue. Asiye nacho akate majani ya mgomba, ayapitishe juu ya moto mpaka yalainike, ayatandike. Asiye na meza atandike mkeka. Maua chukueni yanayoota penu, mradi yasiwe marefu hata kuwaficha watu nyuso. Matawi ya Siku ya Matawi yamebarikiwa. Yawekeni ukutani penye msalaba, msiyatandike chini ya sahani. Mishumaa ya ubatizo washeni wakati wa sala, kisha mzime: mapaa yetu ni ya majani, na watoto ni watoto. Mkipenda bustani ndogo kama ile ya Polandi, chukueni kigae cha mtungi, tieni udongo, pandeni ulezi au mahindi siku chache kabla ya Siku ya Matawi. Mpeni mtoto kazi ya kumwagilia, naye ataingoja Pasaka kila asubuhi.

Mayai chemsheni polepole na maganda makavu ya vitunguu, yawe mengi, mpaka maji yageuke rangi. Mwenye nta aweza kuchora msalaba au nyota juu ya ganda la yai lililokwisha kuchemshwa katika maji matupu, kisha alitie katika maji ya rangi yaliyopoa, maana ya moto huyeyusha nta. Palipo na nta rangi haishiki. Usimnyang'anye kuku anayeatamia. Yai moja latosha nyumba nzima, kama mlivyosikia.

Lakini hapa nina neno na waume. Kuna vijiji ambako mwanamke hali yai, wala kuku. Huambiwa atakuwa tasa, au mtoto atazaliwa na kasoro. Ndugu zangu, usiku wa Pasaka mke wako atabatizwa kwa maji yaleyale yaliyokubatiza wewe, na atapokea mwili uleule wa Bwana. Kutapambazuka, na wewe umnyime kipande cha yai? Ukubwa wa ukucha? Kateni kwa hesabu ya watu wote: wake, binti, na hata mtumishi kama yupo. Bibi mzee akiogopa, msimlazimishe wala msimcheke. Wekeni kipande chake mbele yake, mkiache hapo. Siku hiyo msitenge pia: wanaume barazani, wanawake jikoni. Kaeni pamoja, hata kama itakuwa mara moja kwa mwaka, hata kama baba zenu watashangaa.

Na baba zenu waiteni, waliobatizwa na wasiobatizwa. Wengine kati yenu mmeniuliza kama ni halali mtu asiye Mkristu kuketi penye chakula kilichobarikiwa. Komunyo ni ya waliobatizwa, hilo mwalijua. Lakini yai na mkate wa nyumbani si komunyo, hata vikiwa vimenyunyizwa maji ya baraka. Mnadhani baba yako atakujaje karibu na mlango wa kanisa, ikiwa mlango wa nyumba yako umefungwa? Waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" walikuwa wakifahamu jambo.

Kuna mmoja, hata hivyo, ambaye hatakuja kwa kuitwa na mtoto mdogo. Kila mmoja wenu anamjua wake. Ndugu mliyegombana naye kwa ajili ya mali ya marehemu. Jirani ambaye mbuzi wake walikula mihogo yako. Mkwe uliyemtolea neno baya mbele ya watu. Huyo msimtumie mtoto. Mwendeeni wenyewe, kabla ya Alhamisi Kuu, mikono mitupu. Akikataa, amekataa yeye. Wewe weka kiti chake. Na akija, msianze na mashauri. Mpe maji anawe, mpe kipande chake.

Juu ya maji ya kunawa: desturi yetu ni kwamba mdogo humshikia mkubwa. Alhamisi Kuu mtaona padri akiosha miguu ya watu kumi na wawili. Basi asubuhi ya Pasaka mwenye nyumba mwenyewe na ashike mtungi, awanawishe wote, kuanzia mtoto wa mwisho. Pombe sitasema mengi. Mwajua mahali meza huishia pombe inapotangulia chakula.

Mtakapokwisha kula, makombo ya mkate uliobarikiwa msiwatupie mbwa. Maganda ya mayai msiyatie jalalani; kule Polandi huyapeleka shambani, huyafukia penye mimea, nanyi fanyeni hivyo, yafukieni penye mihogo. Tena kabla hamjaondoa vyombo, wekeni sahani moja pembeni: kipande cha yai, mkate au ugali, samaki. Funikeni kwa jani. Kijijini kwenu yupo mgonjwa ambaye hakuweza kufika usiku, au mama aliyejifungua juzi, au mzee ambaye mguu wake haupandi mlima. Mpelekeeni kungali na moto.